Mbuzi Hawajaisha, Watoto Walale Wapi?



Wadogo zangu wa Butembo na Beni, kati ya maswali yanayonifikia, liko moja linalorudi kila mara kwa sura tofauti. Mdogo wangu wa Furu, Butembo, anauliza: "Dada, tumeachana na bwana hakumaliza kutoa mbuzi. Wazazi wangu wanasema watoto ni wetu mpaka amalize. Ni kweli?" Kaka wa Mabakanga, kule Beni, anauliza kinyume chake: "Mimi mahari nilitoa yote. Mbona mke ameondoka na mtoto wangu?" Na kijana mwingine hakuwahi kutoa hata mbuzi mmoja, wala yeye na binti hawajawahi kufika komini. Waliishi tu, yaka tofanda, mpaka walipochokana, na sasa anataka kujua kama ana haki yoyote.

Wote wameniandikia juu ya mbuzi. Hakuna aliyeniambia mtoto alilala wapi jana, nani anamwamsha kwenda masomo, nani alinunua dawa alipopata malaria. Naomba tuanze na hayo, maana mbele ya hakimu hayo ndiyo yanayoulizwa.

Sisi Wanande tunafuata ukoo wa baba, na siidharau desturi hiyo hata kidogo. Imewapa watoto wengi jina, shamba la kulima na wakubwa wa kuwasemea. Mbuzi wanashuhudia kwamba koo mbili zimepatana. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, nayo inaitambua mahari. Inataka tu kwamba sehemu yake iwe imetolewa kabla ya ndoa kufungwa. Sehemu, si yote. Kwa hiyo yule asiyemaliza hajawa mgeni kwa watoto wake, na aliyemaliza hajawanunua. Mbuzi waliobaki ni deni la wakubwa kwa wakubwa. Wanaweza kulidai kwenye baraza la familia, hata tribinali, lakini mtoto asishikwe rehani. Nimewaona watoto waliozuiliwa kwa wajomba kwa sababu ya mbuzi, nao wanajua kabisa kwa nini wapo pale. Wanasikia wakubwa wakihesabu.

Sheria inasemaje basi? Inasema mtoto ambaye hajafika miaka 18 yuko chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja. Kuachana hakuyafuti mamlaka hayo. Hakimu anaweza kumpa mmoja wenu jukumu la kukaa na watoto, lakini yule mwingine anabaki na haki ya kufuatilia wanavyolelewa na wanavyosoma, na anabaki na wajibu wa kuchangia kwa kadiri ya uwezo wake. Na Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaweka kipimo ambacho kila hakimu anapaswa kukifuata: faida ya mtoto kwanza, katika kila uamuzi unaomhusu. Hakimu anayefuata kipimo hicho anataka kujua kama nyumba ina utulivu, kama shule iko karibu, kama ndugu wanatenganishwa, kama kuna ulevi au ngumi.

Mama wengi wameshikilia kwamba mtoto mdogo ni wa mama, na baba wengi kwamba akifika umri wa kwenda masomo anachukuliwa na upande wa baba. Ni desturi, na hakimu ataisikia. Mambo ya desturi yanapoingia, tribinali ya amani hukaa na mahakimu watatu, wakiwemo wazee wanaoijua mila ya mahali, kwa hiyo hutakuwa unaongea na mtu asiyejua mambo ya kwetu. Lakini desturi ikigongana na faida ya mtoto, mtoto ndiye anayetangulia. Usiende pale ukitegemea umri peke yake.

Sasa wewe mdogo wangu uliyeishi bila ndoa. Sheria yetu ina maneno mazito juu ya jambo hili: kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Mtoto wa nje ya ndoa akishatambuliwa habaguliwi. Baba mwenye nia njema anakwenda kwa ofisa wa etasivili kwenye komini na kumtambua mtoto, na utambuzi huo unaandikwa. Kijana, kama hujafanya hivyo, huwezi kulalamika kwamba unanyimwa mtoto ambaye kwenye karatasi hana uhusiano na wewe. Fanya wiki hii.

Na kama baba anakataa, mama anaweza kwenda tribinali kutafuta ubaba uthibitishwe. Watu wanadhani lazima kupima damu kwa dola nyingi. Si lazima. Wanaojua mlivyoishi wanaweza kushuhudia. Je, alilipa maternite? Alimpa mtoto jina la ukoo wake? Alimpeleka kwa wazazi wake akasema "huyu ni wangu"? Ujumbe wa simu wa wakati wa mimba bado upo? Usiufute. Na ubaba usipothibitika kabisa, sheria inaruhusu hakimu kumteua mtu, mara nyingi katika ukoo wa mama au yule ambaye mama atampendekeza, awe baba kisheria wa kumsimamia mtoto. Wengi hawajui mlango huu upo.

Haya yote yanasimama juu ya karatasi moja, cheti cha kuzaliwa. Kuzaliwa kunatangazwa komini ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, inahitajika kwanza hukumu ya tribinali, ile tunayoiita jijema supletifu, ndipo cheti kitoke. Najua wengi wenu mlikimbia Oicha, Eringeti au vijiji vya Lubero mkiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani, na karatasi ziliungua au ziliachwa. Mauaji yaliyoanza upande wa Beni mwezi wa 10 mwaka 2014 yamewaacha watoto wengi bila ushahidi kwamba ni wa fulani. Msione aibu kuanza upya. Tafuteni kadi ya chanjo, karatasi ya maternite, cheti cha ubatizo, mtu aliyekuwepo siku ya kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti ni rahisi kuvutwa huku na huku, kwa kuwa kila upande unaweza kudai lolote.

Mlango upi wa kugonga? Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu naona watu wanapotea. Ukiwa na ndoa na unataka talaka, unakwenda tribinali ya amani, ya Butembo au ya Beni. Huko hakimu anaanza kwa kuwaita nyinyi wawili na kujaribu kuwapatanisha. Msikasirike, ndiyo sheria, si kwamba amehongwa na shemeji. Kesi ikiendelea, hakimu anaweza kuamua mambo ya muda: watoto wakae wapi wakati tunangoja, nani atoe nini. Ombeni hilo tangu mwanzo. Kesi za talaka zinaweza kuchukua muda mrefu, na mtoto hawezi kungoja hukumu ndipo ale. Mambo ya utambulisho wa mtoto, ya nani ni baba, ya kumchukua mtoto awe wako kisheria, yanakwenda tribinali ya watoto iliyoanzishwa na ile sheria ya 2009. Kama hamjui jambo lenu linaangukia wapi, karani wa grefe atawaambia.

Usiende kwa komanda. Usiende kwa mtu wa usalama unayemjua ili amwite mwenzako kwa konvokasio na kumtisha. Polisi hawana uwezo wa kutoa mtoto kwa huyu na kumpa yule; anachokiamua ofisa mezani kwake usiku, tribinali haikitambui asubuhi. Wengine walinieleza kwamba tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza hapa kwetu, tarehe 6 Mei 2021, walidhani hata ndoa na watoto sasa ni mambo ya askari. Hapana. Kesi za jinai ndizo zilizopelekwa kwenye korti za kijeshi. Kesi za familia zilibaki kwa mahakimu wa kiraia.

Na wewe mama unayeambiwa kwamba huwezi kumshtaki bwana bila ruhusa yake, hiyo ni habari ya zamani. Sheria ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, hata kusimama kortini. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Ukiambiwa hivyo na mtu mwenye koti na kitabu, mwombe akufungulie kitabu kipya.

Lakini si lazima kila jambo liende kwa hakimu kama vita. Baraza la familia, likiwa na shangazi mwenye busara na mzee asiyepiga kelele, linaweza kumaliza mengi kwa jioni moja. Kasoro yake ni moja: linamaliza kwa mdomo. Miezi inapita, mzee anafariki, shangazi anahamia Kasindi, na kila mmoja anakumbuka anachotaka. Kwa hiyo andikeni, hata kwenye ukurasa wa daftari la mtoto mwenyewe. Nimeshika mkononi ukurasa wa namna hiyo, wenye mistari ya bluu, umeandikwa kwa Kiswahili chetu, na ulikuwa bora kuliko karatasi nyingi zenye mihuri. Ulisema watoto wanalala kwa mama siku zote za masomo. Baba anawachukua Ijumaa baada ya masomo, kila baada ya wiki mbili, na kuwarudisha Jumapili kabla ya saa kumi jioni. Likizo kubwa wanagawana, Julai kwa baba, Agosti kwa mama. Minervale ya mkubwa, aliye sekondari, ni ya baba. Nguo na madaftari, nusu kwa nusu. Mtoto akilazwa, anayejua kwanza anampigia mwenzake siku hiyohiyo. Chini, sahihi mbili na za mashahidi wawili, mmoja kutoka kila ukoo. Ukurasa kama huo ukipelekwa kwa hakimu anaweza kuuingiza katika hukumu, na hapo unapata nguvu ambayo mdomo wa mzee hauna.

Angalia jinsi ukurasa huo ulivyotaja siku na saa. Hukumu au mkataba unaosema "baba ataona watoto mara kwa mara" ni mwaliko wa ugomvi. Mara kwa mara ni lini? Avoka wako akiandika hivyo, mrudishie, mwambie ataje siku.

Kwa watu wa Butembo na Beni kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya Kinshasa: barabara. Baba ana duka Butembo, mama amerudi kwao Boikene, Beni, na katikati ni kilomita kama 54. Siku nyingine mnafika vizuri, siku nyingine kuna habari mbaya na hakuna gari linalopita. Andikeni hilo pia. Nani anamsindikiza mtoto? Mtoto mdogo asitumwe peke yake kwa motari, hata akiwa motari wa kartie. Nauli ni ya nani? Barabara ikiharibika inakuwaje? Ninachowashauri ni hiki: usalama ukitetereka, mtoto habebwi, ila anapigiwa simu, na siku zile zilizopotea zinalipwa wiki inayofuata au wakati wa likizo. Mzazi anayekaa na mtoto asitumie hofu ya barabara kumficha mwaka mzima, na anayengoja asimlazimishe mtoto kusafiri ili tu kuonyesha kwamba haki yake imeandikwa. Na kumvusha mtoto mpaka wa Kasindi kwenda Bwera au Kasese bila mwenzako kujua, kwa sababu una ndugu kule, ni kosa linaloweza kukugeukia vibaya sana mbele ya hakimu. Pata ruhusa ya maandishi kwanza.

Tuje kwenye pesa. Pensheni ya mtoto inapimwa kwa vitu viwili: mahitaji ya anayedai na uwezo wa anayetoa. Hakuna kiwango kimoja kwa wote. Shida ya kwetu ni kwamba watu wengi hawana karatasi ya mshahara. Mfanyabiashara wa Butembo anayeleta kontena anaweza kumwambia hakimu, bila kupepesa jicho, kwamba yeye ni maskini. Kwa hiyo mama, kusanya unachoweza kwa njia halali: risiti za kodi ya nyumba, karatasi za duka, watu wanaojua anauza nini, ada alizokuwa analipia watoto kabla hamjaachana. Kilichokuwa kinalipwa jana kinasema mengi juu ya uwezo wa leo. Na kama mwenzako ni mkulima wa kakao upande wa Beni, usidai kiasi sawa kila mwezi halafu ushangae halipi. Dai kidogo cha kila mwezi kwa chakula, na sehemu kubwa wakati wa mavuno kwa ajili ya masomo. Utapata zaidi hivyo kuliko kwa hukumu nzuri isiyotekelezeka.

Baba, wewe unayetoa, acha kutoa mkononi mlangoni. Tuma kwa simu, hifadhi ujumbe, na ukitoa pesa taslimu andikisha sahihi. Nimeona baba mwema akishindwa kuthibitisha hata franka moja ya miaka yote. Na msichanganye mambo mawili. Kutolipa hakufuti haki ya mtoto kumwona baba yake, na kunyimwa mtoto hakukupi ruhusa ya kuacha kulipa. Kila kosa lina dawa yake tribinali. Kujilipizia kupitia mtoto kunamletea yeye njaa au upweke. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yanatolewa bure, lakini mnajua wenyewe kwamba viatu, uniforme na madaftari si bure. Asitokee baba wa kusema "serikali inalipa".

Mtoto mwenyewe ana sauti. Sheria ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake katika jambo linalomhusu, kwa kadiri ya umri na akili yake. Hakimu anaweza kumsikiliza, na anaweza kumtuma mfanyakazi wa jamii aje nyumbani kuona hali. Mfanyakazi huyo akija, usimpikie karamu wala usimfundishe mtoto maneno. Anatambua. Na tafadhali, wadogo zangu, msimwulize mtoto mbele ya watu, "Unampenda nani zaidi?" Niliwahi kuwa chumbani swali hilo likiulizwa. Mtoto aliangalia mlango, kisha akasema anataka kwenda kucheza. Alikuwa ameshajibu kwa uwezo wake wote.

Haya ya kupatana hayamhusu anayepigwa. Kama uliondoka kwa sababu ya ngumi au panga, au kama mtoto ameguswa vibaya, baraza la familia si mahali pako, na hakuna mzee mwenye haki ya kukurudisha kwa ajili ya "heshima ya watoto". Nenda hospitali kwanza, chukua karatasi ya daktari, kisha kwa polisi wanaoshughulikia watoto na wanawake. Mwambie pia hakimu wa familia, ili kuonana kwa baba na mtoto, kama kutakuwepo, kuwe mbele ya mtu mwingine na mahali salama.

Hukumu ya tribinali ya amani ikitoka na hukuridhika, una siku 30 tangu ulipokabidhiwa rasmi hukumu hiyo kukata rufaa kwenye tribinali kuu, ile ya grande instance. Usikae nyumbani ukilia mpaka siku ziishe. Na hukumu ya watoto haijengwi kwa saruji: maisha yakibadilika, mmoja akihama, mtoto akiugua, kazi ikipotea, unarudi kuomba ibadilishwe. Mpango uliomfaa mtoto wa miaka 4 huenda usimfae akiwa na 12.

Mnaoogopa gharama, barreau huwa na ofisi ya ushauri wa bure, na kuna mawakili wa pale tribinali wanaoitwa defanseri ambao bei yao kwa kawaida ni nafuu kuliko ya avoka. Asiye na uwezo kabisa anaomba karatasi ya umaskini kwenye ofisi ya mambo ya jamii, nayo inaweza kumwondolea malipo ya tribinali. Nenda tribinali asubuhi, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, karatasi ya ndoa kama ipo, na ule ukurasa wa daftari. Acha nakala, asili ibaki nawe. Kila franka unayolipa, lipa grefe na udai risiti. Na ukiombwa pesa kwenye korido, rudi dirishani uulize malipo hayo yameandikwa wapi.